Siku Tano Nikiifuata Kaseti ya Chura: Melbourne, Sydney hadi Newcastle

Nimerudi Footscray, kitongoji cha Melbourne ninakoishi, nikiwa na daftari lenye mchanga katikati ya kurasa, risiti tele mfukoni na picha 214 kwenye simu. Naandika sasa kabla mambo hayajanitoka kichwani.

Chanzo cha safari ni kaseti. Mwaka 1996 mjomba wetu, aliyekuwa baharia, alirudi Mombasa na mzigo wake wa siku zote: sabuni, blanketi, na kaseti alizokusanya kwenye bandari alizopita. Moja ilikuwa na picha ya chura wa kijani kwenye jalada. Kaka yangu aliidaka kabla hata sijaitia machoni. Ilikuwa Frogstomp, albamu ya kwanza ya Silverchair, wavulana watatu wa Newcastle, Australia: Daniel Johns kwenye gitaa na sauti, Chris Joannou kwenye gitaa la besi, Ben Gillies kwenye ngoma. Mjomba akatuambia kwamba waliirekodi wakiwa na miaka 15. Mimi nilikuwa na miaka 15 mwaka ule. Sikumwamini.

Kaseti haikumaliza mwezi, redio ikaila. Ilikuwa kwenye wimbo wa pili, Tomorrow. Utepe ulijisokota ndani ya mashine kama tambi. Kaka akauvuta polepole kwa ncha ya penseli, akakata kipande kilichokunjamana, akaunga kwa selotepu aliyoipunguza kwa wembe. Tangu hapo, ukifika katikati ya wimbo, sauti inaruka. Mistari kama miwili haipo. Tukauzoea hivyo hivyo, tukauimba hivyo hivyo, kwa miaka.

Mwaka 2025 albamu ilikuwa inatimiza miaka 30. Nilikuwa na siku tano za likizo. Kaka yuko Mombasa na ujumbe wake wa sauti ulikuwa mfupi: "Nenda ukaone walikoipigia, mdogo wangu. Kisha unisimulie, na usiruke kitu."

Alhamisi, 9 Januari. Melbourne, usiku

Treni ya usiku ya Sydney huondoka kituo cha Southern Cross karibu saa mbili usiku, jua la kiangazi likiwa bado halijazama. Tiketi ya daraja la pili nililipa dola 80 na ushee. Kwa walio nyumbani, dola moja ya Australia ilikuwa kama shilingi 80 za Kenya wiki ile. Ndege wakati mwingine ni rahisi kuliko hivyo, lakini nilitaka kuiona nchi ikipita.

Safari huchukua saa 11. Viti vinalala kidogo, si sana. Kuna kantini ndani ya treni, chai na mkate wa nyama vinapatikana, ila nilikuwa na chapati sita na maharage ya nazi kwenye kopo, nikala Albury haijafika. Kutoka Wagga Wagga hadi Goulburn nililala.

Kwa atakayefuata: beba shuka zito. Kiyoyozi cha usiku kinaingia mifupani, hata kama nje ni kiangazi.

Ijumaa, 10 Januari. Sydney

Tulifika Central saa mbili na dakika 20 asubuhi, tumechelewa zaidi ya saa nzima. Hosteli ya karibu na kituo ilinipokea mzigo kabla ya wakati wa kuingia bila kunidai chochote. Kitanda kwenye chumba cha watu sita, dola 54.

Kwanza nilikwenda kwa miguu hadi Harris Street, Ultimo, mwendo wa dakika 10. Hapo ndipo lilipo jengo la ABC, shirika la utangazaji la taifa, na Triple J, redio yake ya vijana. Mtu akitaka kuielewa Frogstomp aanzie hapa, maana albamu ile ilizaliwa na wimbo mmoja.

Mwanzoni mwa 1994 wavulana wale walikuwa bado wanajiita Innocent Criminals. Walirekodi demo, yaani rekodi ya majaribio, wakaituma kwenye shindano lililoitwa Pick Me, lililoandaliwa na Triple J pamoja na Nomad, kipindi cha televisheni ya SBS. Bendi zaidi ya 800 zilituma kazi zao. Wakashinda. Zawadi ilikuwa kurekodi wimbo upya kwenye studio ya Triple J na kutengenezewa video na SBS. Fundi mitambo wa redio, Phil McKellar, ndiye aliyewarekodi. Demo ya Tomorrow ilikuwa na zaidi ya dakika 6. Toleo lililoingia sokoni lina dakika 4 na sehemu. Nilipokumbuka hilo pale kando ya barabara nilimrekodia Kaka papo hapo: hata wao wenyewe waliukata wimbo ule, si sisi peke yetu.

Mlinzi wa mapokezi, mama wa makamo, aliniona nimesimama nje na daftari jua likinipiga. Akatoka kuniuliza kama nina miadi. Nikamweleza habari ya kaseti. Akaniambia studio haziingiliki hivi hivi, lakini niketi ndani nipoe. Akaniletea maji ya baridi kwenye bilauri, si kikombe cha karatasi, akasimama hadi nikamaliza. Akanisindikiza na neno moja: mwanawe wa kiume naye alijifunzia gitaa kwa wimbo ule.

Kutoka pale nilipanda treni nyepesi hadi kituo cha Fish Market, nikatembea Miller Street, Pyrmont. Kampuni ya Festival Records, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilikuwa na makao yake mtaa huu, na studio zake zilikuwa humo humo. Siku hizi muziki haurekodiwi tena pale. Watu wanaingia na kutoka na kahawa mkononi, kazi za ofisini zinaendelea.

Hapa nilikaa zaidi ya saa nzima, nikasahau njaa.

Siku tisa. Albamu nzima yenye nyimbo 11 ilirekodiwa hapa kwa siku tisa, katika likizo ya Krismasi ya 1994 kuingia 1995, kwa sababu ilikuwa lazima wavulana warudi shule. Prodyuza alikuwa Kevin Shirley, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye baadaye alifanya kazi na Aerosmith na Iron Maiden. Nimewahi kusoma watu wakisema albamu ile ni mbichi, kwamba masikio ya watoto wale yalikuwa yamejaa muziki wa Seattle, ule wa gitaa zito wa Marekani. Ni kweli unausikia. Lakini sikiliza Madman, wimbo usio na maneno hata moja: watu watatu wanaopiga kama wanakimbizana kwenye ngazi, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Hilo hulipati kwa kuiga. Unalipata kwa kupiga pamoja kila jioni baada ya shule, na hawa walikuwa wakipiga kwenye gereji ya wazazi wa Ben tangu wakiwa watoto. Siku tisa zilitosha kwa sababu miaka ya gereji ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Mti uliokuwa karibu nami ulikuwa na kelele. Nyenje. Kiangazi cha Sydney kina nyenje hadi unapaza sauti kuzungumza. Kwenye gome la mti, usawa wa macho yangu, palikuwa na gamba la mmoja aliyejivua: rangi ya asali, jepesi kuliko ganda la kitunguu, miguu sita bado imeng'ang'ania gome, na mgongoni ufa ulionyooka alikotokea mwenyewe. Hata vinyweleo vya miguu vilibaki. Mmoja wa nyimbo zile 11 unaitwa Cicada, yaani nyenje. Nilipokuwa Mombasa nilidhani ni jina la msichana. Gamba nilipiga picha, sikulibandua.

Chakula cha mchana nilikula soko la samaki: pweza wa kuchoma kwenye kijiti, dola 12, na kachumbari ndogo. Pweza wao ni laini, lakini ndimu hawakuweka ya kutosha. Nikaomba nyingine, muuzaji akanikatia nzima.

Kwa atakayefuata: kadi ya benki inatosha kwa treni, basi na treni nyepesi, unaigusisha unapopanda na unaposhuka. Safari zako za mji zipange Ijumaa hadi Jumapili, maana siku hizo kikomo cha nauli kwa siku nzima kilikuwa dola 9 na senti 35, hata uzunguke vipi. Jumatatu hadi Alhamisi kikomo ni mara mbili ya hapo.

Jumamosi, 11 Januari. Kaskazini

Kutoka Sydney hadi Newcastle ni kilomita 160 hivi, na kwa treni ya kawaida ni karibu saa tatu. Kikomo kile kile cha dola 9.35 kilinifikisha. Sijui nchi nyingine ambako hela hiyo ingeninunulia mandhari kama yale.

Kaa upande wa kulia ukielekea kaskazini. Baada ya daraja la mto Hawkesbury, reli inabanwa kati ya mwamba na maji, maji yako dirishani kabisa, mikoko imepanda hadi kwenye mawe ya reli. Nilihisi niko Tudor, jinsi mikoko ilivyokuwa karibu. Kuna kituo kidogo kiitwacho Wondabyne ambacho hakina barabara: unafika kwa treni, kwa mashua au kwa miguu kupitia msitu. Anayeshuka hapo lazima akae behewa la nyuma na kumwambia kondakta mapema. Alishuka mzee mmoja na ndoo ya chambo.

Gosford tulisimama. Tawi la mti limeanguka relini mbele, tukatangaziwa. Dakika 10 zikawa 55. Behewa zima likaanza kulalamika kimya kimya, kila mtu na simu yake, mpaka mama mmoja aliyeketi mbele yangu alipofungua sanduku la maembe. Januari ndiyo msimu wao. Watu hapa hununua maembe kwa sanduku zima wakati wa Krismasi kama sisi tunavyonunua unga wa Ramadhani. Akaanza kuyakata kwa kisu kidogo, akayachora miraba na kuyapindua, akawapa watoto waliokuwa wakilia, kisha mimi. Nikamwambia kwetu pwani tunalitia chumvi na pilipili ya unga, na tukimaliza hatuachi kokwa mpaka liwe jeupe. Begi langu halikosi pilipili. Nikampa aonje. Alikohoa, macho yakamtoka machozi, akasema tena. Hadi treni inaondoka, behewa zima lilikuwa linanukia embe na mvulana wa miaka kama sita alikuwa akifyonza kokwa kwa jinsi nilivyomwonyesha.

Nilikumbuka kwamba baba yake Daniel Johns alikuwa na duka la matunda Newcastle, baba yake Ben alikuwa fundi bomba, na wazazi wa Chris walikuwa na biashara ya dobi. Watu wa kazi za mikono. Ndio waliowapeleka na kuwarudisha, ndio waliosafiri nao ziara zilipoanza, kwa kuwa watoto wa umri ule hawaruhusiwi kuranda peke yao.

Nilishuka Cardiff, kitongoji cha Newcastle chenye gereji za magari na maghala. Humo ndimo ilimokuwa studio ndogo ya Platinum ambako demo ile ya 1994 ilirekodiwa. Ukitaka kulinganisha Cardiff na Miller Street, linganisha kibanda cha chipsi na hoteli. Joto lilikuwa kali, lami inalainika. Nilizunguka mitaa miwili nikipiga picha milango ya mabati, wakati kila kitu kimefungwa, na nikaishiwa maji.

Mzee mmoja aliyekuwa akiosha pikapu nje ya gereji yake alinisikia nikigonga bomba lililokauka. Akanijazia chupa kutoka jokofuni, akaniuliza natafuta nini. Nilipomwambia, alizima mpira wa maji. Akasema Jumamosi ile treni inayofuata bado iko mbali, ingia. Akanifikisha hadi Newcastle Interchange, dakika 20, akikataa hela ya mafuta. Njiani alinieleza jinsi mji ulivyokuwa miaka ya 90: kiwanda cha chuma cha BHP bado kinafuka, kila nyumba ina mtu anayefanya kazi pale au aliyewahi kufanya kazi pale. Kilifunguliwa mwaka 1915, kikafungwa 1999. "Halafu watoto watatu kutoka ufukweni wakawa namba moja," alisema, na akapiga usukani kwa kiganja kana kwamba habari imetangazwa asubuhi ile.

Hosteli karibu na ufuo, dola 49. Nilioga, nikala mkate wa nyama wa dola 7, nikalala saa mbili usiku.

Jumapili, 12 Januari. Merewether

Kuna njia ya miguu iitwayo Bathers Way, kilomita 6 hivi, inayokutoa Nobbys, penye mnara wa taa, hadi Merewether, ikifuata bahari mwendo wote. Niliondoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Upeo wa macho ulikuwa na meli tisa zimesimama zikisubiri zamu. Newcastle ni miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani za kusafirisha makaa ya mawe. Nilimfikiria Mjomba, marehemu sasa, na nikajiuliza kama ni kwenye mojawapo ya zamu kama zile alishuka na kununua kaseti kwa ajili ya watoto wa dada yake.

Merewether ndiko walikokulia. Ufuo wa mawimbi makubwa, watoto wadogo na mbao za kuteleza juu ya maji ndefu kuwashinda. Hapa alitoka pia Mark Richards, bingwa wa dunia wa mchezo huo mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Wavulana wa Silverchair nao walikuwa watoto wa mawimbi: shule, bahari, gereji. Sikutafuta nyumba ya mtu. Nyumba za watu ziachwe.

Mwisho wa ufuo kuna mabwawa ya bahari ya Merewether, yaliyojengwa mwaka 1935. Ni mabwawa makubwa ya zege kando ya mwamba, maji ya chumvi, mawimbi yanaruka ukuta na kukumwagikia ukiogelea. Kuingia ni bure. Nilikuwa sina taulo. Bibi mmoja mwenye kofia ya kuogelea ya maua, ambaye huogelea hapo kila asubuhi, alinipa lake la akiba, akaniambia nikimaliza nilianike kwenye reli, atalichukua kesho. Kisha akanimiminia chai kutoka chupa yake. Chai ya rangi, bila sukari. Nilishukuru nikainywa yote.

Kwa atakayefuata: upepo ukivuma kutoka kaskazini mashariki angalia yavuyavu wa buluu wenye kibofu kidogo na nyuzi ndefu. Akikugusa anauma kweli. Ukiwaona wamejaa mchangani, usiingie baharini, ingia bwawani, na hata bwawani tazama kwanza. Mafuta ya jua paka hata kama ngozi yako ni nyeusi. Mabega yangu yananiambia hadi leo.

Mchana nilirudi mjini kwa basi hadi King Street. Nilitaka kusimama pale palipokuwa Newcastle Workers Club. Tarehe 28 Desemba 1989, saa 4:27 asubuhi, tetemeko la kipimo cha 5.6 liliupiga mji huu. Watu 13 walikufa, tisa kati yao ndani ya klabu ile, watatu kule Beaumont Street, Hamilton. Usiku ule ule bendi ya Crowded House ilikuwa itumbuize klabuni. Lingechelewa kwa saa 12, ukumbi ungekuwa umefurika. Na kwa kuwa ilikuwa likizo, madarasa yalikuwa matupu.

Daniel, Ben na Chris walikuwa na miaka 10. Miaka mitano baadaye, katika likizo nyingine kama ile, waliingia studio na wimbo uitwao Faultline, maana yake ufa wa ardhi, uliotokana na tetemeko lile. Kaka na mimi tuliupenda kwa gitaa lake tu. Nilipokuwa nimesimama pale King Street niliusikiliza kwenye simu mara tatu, magari yakipita, na mara ya tatu nilivua kofia. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

Nilizungumza na Kaka jioni kwa dakika 40. Aliniuliza kama kuna sanamu yao mjini. Nikamwambia sikuiona. Akanyamaza, akasema, "Basi mabwawa yale yanatosha."

Jumatatu, 13 Januari. Duka la santuri

Mvua. Asubuhi nilizunguka Hamilton. Nilikula mkate wa Kituruki na mayai, dola 14, ghali lakini umeshiba hadi jioni.

Kwenye duka la santuri na CD kuukuu nilimkuta mwenye duka akipanga masanduku. Nilipotaja Frogstomp alikwenda moja kwa moja bila kutafuta, akarudi na CD, chura yule yule, dola 12. Jalada lina mkwaruzo, CD yenyewe safi. Akanieleza kuwa jina lilitoka kwenye wimbo wa zamani wa Floyd Newman wa lebo ya Stax ya Marekani. Halafu akaniweka kwenye kiti nyuma ya kaunta kwa sababu mvua ilikuwa inaingia mlangoni, na tukazungumza kama watu waliosoma darasa moja.

Tulihesabu pamoja. Wimbo wa Tomorrow ulitoka Septemba 1994 chini ya Murmur, lebo ndogo ya Sony Australia, kwenye EP ya nyimbo nne, bendi ikiwa sasa na jina jipya. Ukashika namba moja Australia kwa wiki sita. Likizo ikaja, siku tisa zikaja, na tarehe 27 Machi 1995 albamu ikatoka, ikaingia chati moja kwa moja kwenye namba moja. Miezi michache baadaye kampuni ya Epic ikaitoa Marekani, ikapanda hadi namba 9 na kuthibitishwa kwa nakala milioni mbili. Septemba ile walipiga juu ya Radio City Music Hall, New York, kwenye tuzo za MTV. Oktoba, kwenye tuzo za ARIA, tuzo za muziki za Australia, mtoto mdogo wa Kevin Shirley ndiye aliyepanda jukwaani kuzipokea tuzo zao.

"Kisha wakarudi darasani," alisema mwenye duka. Ndivyo. Walimaliza sekondari mwishoni mwa 1997.

Nilitaka kumlipa kwa noti ya 20, akanirudishia 10 badala ya 8. Nikamwonyesha kosa. Akasema si kosa, dola mbili zile ni za Kaka.

Treni ya kurudi Sydney haikuwa na la kusimulia. Ya usiku kwenda Melbourne ilijaa, nilikaa karibu na mtu aliyekoroma hadi Albury.

Jumanne, 14 Januari. Footscray

Nilifika nyumbani saa tatu asubuhi, nikaweka CD kwenye mashine ya jikoni kabla ya kuvua viatu, nikampigia Kaka. Mombasa ilikuwa saa saba usiku. Alikuwa macho, ananisubiri.

Wimbo wa kwanza ulianza na gitaa la besi peke yake, zito, kama mtu anayeburuta kabati. Kaka hakusema kitu. Nilimsikia akigonga meza kwa vidole, mapigo yale yale aliyokuwa akiyagonga kwenye dumu la maji ya kuoga. Wimbo wa pili ukaingia. Tukaanza kuimba wote wawili, yeye kule, mimi huku, simu ikichelewesha sauti kidogo. Tukafika katikati, pale pa selotepu, na sisi sote wawili tukaruka mistari miwili mbele, kwa pamoja, wakati Daniel Johns akiwa bado nyuma anaiimba.

Kaka akacheka hadi akamwamsha mkewe. "Rudisha nyuma," akasema. "Rudisha, tuisikie hiyo mistari."

Nikarudisha.